Daktari aliyeandika kila "hapana"

Ukitoka vilima vya Murgwanza, Ngara, ukashika njia ya Biharamulo, kufika Nyakahura sweta umeshaivua. Tofauti hiyo ya baridi na joto sikuwahi kuifikiria hadi niliposoma habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja, aliyeingia kwenye saratani bila kuisomea.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwangalia mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye, Jinja, akamwona mwingine. Wengi tungesema ni bahati mbaya, tukaendelea na kazi. Yeye alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto hao, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Majibu yalipofika, akawa anachomeka pini kwenye ramani ofisini kwake.

Ramani ikawa na mapengo, na mapengo ndiyo yaliyomnyima usingizi. Oktoba 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford walilolinunua kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walikwenda kusini na kurudi, kilomita zipatazo 16,000, Williams ndiye fundi gari likiharibika. Walipita zaidi ya hospitali 50, wakitoa picha na kuuliza: mmeshamwona mtoto wa namna hii? Wakiambiwa hapana, jibu hilo nalo liliandikwa kwa uzito uleule. Hapo ndipo daktari huyu aliponiteka.

Maana "hapana" hizo ndizo zilizochora mpaka. Karibu na ikweta, uvimbe ulikuwa haba katika nchi iliyo juu ya mita 1,500 hivi. Rwanda na Burundi, majirani wa Ngara, ziliachwa karibu nyeupe kwenye ramani. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ulishuka. Burkitt akang'amua kwamba kinachohesabika ni joto na mvua, wala si urefu wa mlima. Nchi zenye joto na mvua ni nchi za mbu. Mwaka 1964 huko London, Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Leo kirusi hicho na malaria ya mara kwa mara vinatajwa pamoja kuwa chanzo cha saratani hiyo.

Lakini North Mara, hapa Tanzania, watoto walipogawiwa klorokwini ya kuzuia malaria kuanzia 1977, uvimbe ulipungua, ila ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa. Kwa nini?

Dawa za kuutibu zipo, na mtoto akiwahi anaweza kupona. Dalili ya kwanza mara nyingi ni meno kulegea, na mzazi atalaumiwaje akimpeleka kwa mng'oa meno? Seli za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wodi ya saratani iko hospitali ya Bugando, Mwanza. Tangu 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Nauli, kitanda cha mama na chakula cha wiki hizo za matibabu, kwa familia ya mkulima wa Nyakahura, nani anavibeba?