Waya wa Mita na Ufundi wa Kukata Shafti Nyumbufu

Waya wa mita ni kifaa chembamba kinachoanzia kwenye gurudumu la mbele la pikipiki na kupanda hadi kwenye mita iliyo mbele ya dereva, kikibeba mzunguko wa gurudumu ndani ya ala ya chuma na plastiki. Mafundi wa Lionja, Nachingwea na Ruangwa huuita waya au kebo, kama wanavyoziita zile za klachi na breki, lakini kazi yake haifanani na ya ndugu zake hao, kwa kuwa waya wa klachi huvuta ilhali waya wa mita huzunguka. Kwa lugha ya uhandisi, waya huu ni shafti nyumbufu, yaani mhimili unaoweza kupinda kona bila kuacha kuzunguka. Tofauti hii kati ya kuvuta na kuzunguka ndiyo inayotawala pia namna ya kuukata, na fundi anayeukata kwa plaizi, kama anavyokata waya wa breki, hubaki na ncha iliyochanua kama ufagio.

Haja ya kuukata hutokana na hali ya vipuri vijijini. Duka lililo karibu huweza kuwa na waya wa aina nyingine ya pikipiki, ambao ncha zake zinalingana na zile za zamani lakini umezidi urefu kwa sentimita kumi au ishirini, na hapo dereva hulazimika kuchagua kati ya kusubiri safari ya Nachingwea mjini au Masasi, kuufunga waya mrefu kwa kuuviringisha kwenye usukani, au kuiacha mita ikae bila kufanya kazi. Njia hii ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote, na hasara yake haionekani upesi. Mita haionyeshi mwendo peke yake, bali huhesabu pia kilomita, na hesabu hiyo ndiyo humwongoza mwenye pikipiki kujua muda wa kubadili oili ya injini. Tena sheria ya usalama barabarani ya Tanzania huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, kikomo ambacho dereva asiye na mita hukikisia kwa mlio wa injini tu. Waya uliozidi urefu, basi, si wa kutupwa, mradi anayeukata aelewe umbile lake.

Shafti nyumbufu haitengenezwi kwa fimbo moja ya chuma. Katikati yake hukaa waya mmoja ulionyooka, unaoitwa kiini. Juu ya kiini huviringishwa nyuzi kadhaa za chuma kigumu cha springi zikielekea upande mmoja. Juu ya tabaka hilo huviringishwa jingine likielekea upande wa pili, na huendelea hivyo hadi unene unaotakiwa upatikane. Anayefahamu kamba ya katani anajua kwamba kamba hufungwa uzi pembeni mwa alama kabla ya kisu kupita, la sivyo husokotoka yenyewe. Shafti nayo hutaka kufungwa kabla ya kukatwa, na kwa sababu kubwa zaidi, maana nyuzi zake ni za springi, zimelazimishwa kukaa katika umbo la pingili, yaani msokoto kama uzi wa skrubu, na hutafuta nafasi ya kuliacha. Kinachozizuia ni kubanana kwa nyuzi zenyewe. Nguvu ya shafti haimo katika uzi wowote mmoja bali katika jinsi tabaka linavyolishika tabaka, na mkato usiofungwa huuvunja mshiko huo mahali ulipokatwa na hata sentimita kadhaa ndani yake.

Mpangilio huo wa matabaka yanayopishana una siri nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi, nayo ni kwamba shafti nyumbufu ina upande wake wa kuzunguka. Inapozungushwa kwa upande uliokusudiwa, tabaka la nje hukaza na kupungua kipenyo, wakati tabaka lililo chini yake, kwa kuwa limeviringishwa kinyume, hujaribu kupanuka. Mawili hayo hukutana, hubanana, na shafti nzima hufanya kazi kama fimbo. Inapozungushwa kinyume, tabaka la nje hulegea na kutengana na la ndani, na shafti hujikunja ndani ya ala, au hukatika kabisa mzigo ukiwa mkubwa. Wapo wanaodhani kwamba kosa hilo hurekebishwa kwa kuugeuza waya, kichwa kikawa mkia, lakini sivyo: pingili iliyoviringishwa kulia hubaki ya kulia hata ikitazamwa kutoka ncha ya pili, kama skrubu inavyobaki na uzi uleule kokote inakoelekezwa. Jaribio lake ni jepesi. Waya hushikwa kwa mikono miwili na kusokotwa kuelekea upande ambao mashine itauzungusha. Nyuzi za nje zikikaza, waya unafaa, na zikifunguka mianya, haufai.

Katika mita ya pikipiki kosa la upande huweza kuvumiliwa kwa muda, kwa sababu mzigo wenyewe ni mdogo sana. Mita ya mshale ilitokana na uvumbuzi wa Otto Schulze wa Strasbourg, aliyeusajili Berlin mwaka 1902, na ndani yake shafti huzungusha sumaku ndogo iliyo karibu na kikombe cha alumini bila kukigusa. Sumaku inayozunguka huzalisha mikondo ya umeme katika alumini, mikondo hiyo hukivuta kikombe kiufuate mzunguko, na springi nyembamba hukizuia, hivyo mshale husimama pale mvuto na kizuizi vinapolingana. Shafti ya mashine ya kushindilia zege, ile ambayo mafundi ujenzi huiita vaibreta, haina uvumilivu huo. Mota ya umeme wa fezi tatu huzunguka kinyume nyaya mbili za fezi zikibadilishana nafasi, na shafti iliyokuwa ikijikaza huanza kujifungua ndani ya mpira wake, jambo ambalo huwafanya wengi wailaumu shafti ilhali kosa limo kwenye plagi.

Kupima urefu ndiko kunakowashinda wengi, maana waya hupimwa pikipiki ikiwa imesimama juu ya stendi na usukani umenyooka, ilhali waya hautafanya kazi katika hali hiyo. Barabarani, shokapu za mbele hurefuka gurudumu linapodumbukia shimoni na hufupika linapogonga tuta, na usukani hugeuka kushoto na kulia, kwa hiyo njia ya ala hubadilika kila wakati. Kipimo cha ala huchukuliwa gurudumu la mbele likiwa limenyanyuliwa kutoka ardhini ili shokapu zirefuke hadi mwisho, na usukani ukigeuzwa pande zote mbili, kisha urefu mkubwa kuliko wote ndio unaoshikwa. Ziada nayo ina mpaka wake, kwa sababu ala iliyozidi sana hulazimika kupinda kona kali. Kanuni ya zamani ya mafundi wa magari ilikataza kona yenye nusu kipenyo kinachopungua sentimita 15 hivi, kwa kuwa kona kali huufanya waya ujikwamue kwa kuruka badala ya kuzunguka kwa ulaini, na dereva huuona mshale ukitetemeka.

Waya wa ndani nao hupimwa kwa kuulinganisha na ala yake. Ukiwa mfupi, ncha yake huchomoka kwenye tundu la gia usukani ukigeuzwa. Ukiwa mrefu, huisukuma sumaku ya mita kwenda juu na kuharibu kikalio chake, na kosa hili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu huua mita nzima. Ncha zote mbili zikiwa zimeingia mahali pake, waya unatakiwa uweze kusogea mbele na nyuma kwa milimita mbili au tatu. Nafasi hiyo si uzembe wa kipimo. Boti ndogo za mashindano zinazoongozwa kwa redio, ambazo propela zake huzungushwa na shafti ya aina hiihii yenye unene wa milimita 3 hadi 6 kwa makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, huonyesha wazi kinachotokea: shafti ikipewa mzigo hujikaza na kufupika, na watengenezaji wake huacha kwa makusudi pengo la milimita 3 hadi 6 mbele ya propela ili shafti ipate pa kwenda. Boti isiyo na pengo hilo hujikaba yenyewe.

Baada ya alama kuwekwa, waya huchomolewa kwenye ala na kuoshwa kwa petroli hadi grisi yote itoke, kazi inayofanywa uwanjani mbali na moto, na waya huachwa ukauke kabisa, kwa sababu lehemu haishiki penye mafuta na mvuke wa petroli hauchelewi kulipuka. Kisha waya mwembamba wa shaba, kama ule unaopatikana katika mota iliyoungua, huzungushwa kwa kubana pande zote mbili za alama, na sehemu yote hiyo hulehemiwa kwa bati, lehemu ikiachwa inywewe hadi ndani ya tabaka. Mkato hupita katikati ya sehemu iliyolehemiwa, ili kila upande ubaki na nyuzi zilizoshikamana. Chombo kinachofaa ni disiki nyembamba ya grainda au, pasipo umeme, ukingo wa tupa ya pembe tatu unaopitishwa kwa subira waya ukizungushwa, kwa kuwa plaizi na patasi huuponda mviringo kabla ya kuukata, na msumeno wa kawaida huisha meno juu ya chuma cha springi.

Uchaguzi wa bati unatokana na joto. Ugumu wa nyuzi hizi ulipatikana kiwandani kwa kuzivuta zikiwa baridi, na moto mkali huuondoa ugumu huo pasipo njia ya kuurudisha. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 hivi, kiwango ambacho chuma cha springi hukistahimili, ilhali lehemu ya fedha huhitaji zaidi ya nyuzi joto 600 na huacha kando ya kiungo sehemu laini ambayo baadaye ndiyo hukatika. Waunda boti hulazimika kutumia fedha kwa sababu ya ukubwa wa nguvu wanayoibeba, nao huifunika shafti kwa kitambaa kilicholowa maji ili joto lisitambae. Fundi wa mita hana sababu ya kujiingiza katika hatari hiyo. Kama chuma kimegeuka rangi ya buluu nje ya sehemu yenye bati, joto limefika karibu nyuzi 300, na ni busara kukata tena juu ya hapo ikiwa urefu unaruhusu.

Ncha mpya hupigwa tupa pande nne hadi iwe mraba unaoingia kwenye tundu bila kulazimishwa na bila kucheza. Ncha iliyofinyangwa kwa mashine kiwandani ni imara kuliko iliyopigwa tupa, na msuguano wa waya ndani ya ala hula nguvu kidogo kidogo mzunguko unapopanda kuelekea mita, kiasi kwamba mwisho wa gurudumuni ndio unaobeba nguvu nyingi zaidi. Kwa hiyo, maumbo ya ncha yakiruhusu, ncha ya kiwandani ibaki chini na mpya iende kwenye mita. Ala nayo hukatwa kwa kipimo kilekile, mdomo wake ukasafishwa kwa ndani, kwani ukingo mkali uliobaki humaliza kazi yote kwa kuukwaruza waya.

Grisi hupakwa kidogo, tena si kwa urefu wote. Pingili za tabaka la nje hufanya kazi kama skrubu, na zikizunguka huweza kuisukuma grisi ipande taratibu hadi ndani ya mita, ambako huchanganyika na vumbi jekundu la barabara za Nachingwea na kukwamisha kikombe cha alumini. Ndiyo maana sentimita 20 za juu hufutwa zikabaki na unyevu wa grisi tu.

Swali linaloulizwa na madereva mara kwa mara ni kama waya uliofupishwa utaifanya mita idanganye. Kinachoamua usomaji wa mita ni gia iliyo kwenye gurudumu na ukubwa wa tairi, na tairi iliyoisha au ya saizi nyingine huupotosha usomaji huo hata waya ukiwa mpya kutoka kiwandani. Urefu wa waya haumo katika hesabu hiyo: shafti iwe ya mita moja au ya sentimita themanini, mzunguko mmoja chini ni mzunguko mmoja juu.