Kompyuta, Spika na Waya: Pesa za Kikundi Ziende Wapi?

Vikundi vingine vimetuuliza: tukitaka muziki safi kutoka kwa kompyuta, tuanze na nini? Sisi tunasema spika. Sauti hutoka hapo, na ubaya husikika hapo upesi. Kuna kikundi kilichomaliza akiba kwa waya wa kung'aa, halafu spika zikawa za kukwaruza masikio!

Waya wa USB hubeba muziki kama nambari. Ule wa kawaida, usiozidi mita 5, unatosha. Wa kutoka amplifaya hadi spika ndio wa kuangalia unene: kwa mita 10 na spika za omu 8, milimita mraba 1.5 ni sawa. Lakini iwe shaba kweli, maana kuna alumini iliyopakwa shaba. Kwaruzeni ncha kwa kisu. Mkiona weupe, rudisheni.

Je, spika zinanguruma? Chomoeni chaja ya kompyuta kwanza. Kelele ikiisha, msikimbilie waya mwingine, shida iko kwa chaja.

Spika kuukuu si mbaya. Toeni kitambaa cha mbele muone kama ukingo unaozunguka koni umepasuka, kisha pigeni wimbo mnaoujua vizuri kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi.