Nuru na Kiza Katika Picha Moja

Aliyepata kuingia nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu anajua: ukiketi ndani, jicho laona vidaka vya chokaa vilivyonakshiwa ukutani, na papo hapo laona kiwanda kilicho wazi, kinavyowaka jua. Walakin jaribu kupiga picha. Ama utapata vidaka, kiwanda kiwe cheupe pe. Ama upate kiwanda, vidaka vizame kizani. Jicho hutembea, likijirekebisha kila litazamapo. Kamera hutazama mara moja tu.

Si jambo la mchezo hili. Nyumba kama hizi huanguka, na kisha pengine hubaki picha tu. Kidaka kilichotoka cheusi ti ndicho kimekwisha kupotea.

Dawa yake ina asili ya zamani. Mwaka 1857, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha ya wimbi kubwa huko Sète, kusini mwa Ufaransa. Kemikali za siku zile zilipokea mno rangi ya buluu, mbingu ikawa hutoka tupu. Basi akatumia negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mawingu, akaziunga penye upeo. (Bwana huyu alihamia Misri, akafa Cairo mwaka 1884.)

Hesabu za kompyuta zilikuja baadaye: Steve Mann na Rosalind Picard mwaka 1995, kisha Paul Debevec na Jitendra Malik mwaka 1997. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, tundu la lenzi lisiguswe. Piga kwa 1/125 ya sekunde, kisha 1/30, kisha 1/8; kila picha hupokea mwanga kama mara 4 ya iliyotangulia. Ya kwanza huhifadhi kiwanda, ya mwisho vidaka. Programu huzichanganya, ikaubana mwanga wote uenee karatasini.

Simu nyingi za leo hufanya hivyo zenyewe. Ndiyo maana ya zile herufi HDR. Lakini wako wanaozidisha, hata chokaa iking'ara kama bati jipya na kivuli kisionekane kabisa. Nyumba ya Lamu ilijengwa iwe na kivuli. Picha isiyo nacho si ya nyumba ile.

Tena kisitikisike kitu. Paka akipita baina ya picha ya kwanza na ya tatu, huenda akatoka na mikia miwili. Afadhali mfukuze kwanza.