Macho giza baada ya sindano? Usikimbilie kwa mganga!

Chukulia umemtoa mshua kule Rudewa, Kilosa, mmepita Dumila mpaka Dar kwa kipimo cha mishipa ya moyo. Asubuhi kimekwisha salama. Mchana mzee anauliza, “Mwanangu, mbona mmezima taa?” Na taa inawaka!

Hapo ndipo simu za nyumbani zinapoanza. Karogwa huyo! Mrudisheni, kuna mganga anayajua haya. Ngoja kwanza.

Kumbe ni dawa

Mishipa ya damu haionekani kwenye eksirei. Ndiyo maana daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono au kinena, akamwaga dawa yenye madini joto, yaleyale ya kwenye chumvi. Mishipa inang'aa kama barabara ya lami. Dawa hiyo hutumika pia kwenye siti skani, na pale wanapoziba mishipa inayolisha uvimbe wa kizazi, tiba ambayo sasa ipo Muhimbili na haina kisu kikubwa.

Wengi husikia joto mwilini na ladha ya chuma mdomoni, basi. Lakini kwa wachache sana dawa hupenya ukuta unaoulinda ubongo. Ikigusa sehemu ya nyuma, inayohusika na kuona, macho yanakuwa mazima lakini mtu haoni. Wengine huchanganyikiwa, hushindwa kuongea, hulegea upande mmoja au hupata kifafa. Madaktari waliandika habari za upofu wa namna hii tangu 1970.

Walio hatarini zaidi ni wenye presha, figo mbovu au waliowahi kupata kiharusi, na pale dawa inapopigwa nyingi au karibu na kichwa na moyo.

Nzuri ni kwamba kwa wengi hali hupoa yenyewe ndani ya siku mbili tatu. Wachache hubaki na kasoro, na vifo vimewahi kutokea.

Ufanye nini?

Usimtoe mgonjwa wodini! Dalili hizi zinafanana na kiharusi au damu kuvuja kwenye ubongo, na huko kila dakika ina thamani. Mwite nesi hapohapo. Picha ya kichwa ndiyo itakayosema ukweli, siyo ramli. Kama mmesharuhusiwa na dalili zikaanza njiani, ingieni hospitali iliyo karibu na mtaje dawa aliyopigwa.

Kabla ya kipimo nako usikae kimya. Sema kama mzee ana presha, figo, kisukari au alishawahi kudhurika na dawa hiyo.

Wala usikimbie kipimo kwa woga. Moyo ulioziba unaua wengi kuliko sindano hii.

Kwa hiyo mshua akiuliza habari za taa, mshike mkono, mwambie upo, halafu paza sauti: Nesi!