Hewa Anayoivuta Aliyelala



Swali la juma hili limetoka kwa kina mama wa mtaa wa Ayany, Kibera, ambao waume zao au wazee wao wameandikiwa na daktari mashine ya kupumulia usingizini. Wanauliza: tununue chujio lipi la hewa, lile jepesi la kawaida au lile zito la wenye mzio? Kwa kulitazama, swali ni dogo. Lakini linahusu afya ya mtu asiyeweza kujitetea, kwa kuwa amelala.

Maradhi yenyewe ni ya kukatika pumzi usingizini. Koo la mgonjwa hulegea na kuziba, pumzi ikasita kwa sekunde kumi au zaidi, kisha mwili ukashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Hali hiyo hujirudia mara nyingi usiku kucha. Mkoromo mkubwa, kuamka kichwa kikiuma na kusinzia mchana, hata kwenye usukani, ni katika dalili zake. Wanawake nao huugua, ila wengi huficha mkoromo kwa haya, na uchovu wao huhesabiwa kuwa ni wa kazi za nyumba. Mashine inayotumika, ambayo madaktari huiita CPAP, ilitokana na kazi ya daktari Colin Sullivan na wenzake nchini Australia, waliyoitangaza mwaka 1981. Wapo wanaodhani kwamba huleta oksijeni, kama mtungi wa hospitali. Sivyo. Hufyonza hewa ile ile ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu kidogo kupitia mpira na barakoa, ili koo lisizibe. Hewa ya chumba ikiwa chafu, mgonjwa husukumiwa uchafu huo hadi alfajiri.

Na hewa ya Ayany ina mambo yake. Mtaa huu, jirani wa Olympic na wa mtaa mwingine uitwao Fort Jesus (jina linalomfanya mgeni kutoka Mombasa atabasamu), una nyumba za mawe na umeme, lakini upepo haujui mpaka. Katika kiangazi cha Januari na Februari njia za udongo hutimua vumbi jekundu. Jioni moshi wa makaa, wa mafuta ya taa na wa taka zinazochomwa huja kutoka nyumba zilizosongamana za Kibera. Ndani nako mna mazulia, mablanketi na manyoya ya paka. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nyumba ya Ulaya hautoshi hapa.

Chujio, ambalo wauzaji huliita filta, hukaa pale hewa inapoingilia kwenye mashine. Tuchukue mfano wa AirSense 10 ya kampuni ya ResMed. Chujio lake la kawaida ni la nyuzi za polyesta, na kitabu cha mashine chasema hunasa zaidi ya asilimia 75 ya vumbi la ukubwa wa maikroni 7 hivi. Maikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Chujio la wenye mzio, ambalo nyuzi zake zimeshikamana zaidi, hunasa zaidi ya asilimia 98 ya vumbi la maikroni 7 hadi 8, na zaidi ya asilimia 80 ya chembe za nusu maikroni. Hapo ndipo penye jibu. Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani na chavua ya maua ni chembe kubwa, ilhali chembe nyingi za moshi hazifiki hata maikroni moja. Chujio la kawaida hupunguza vumbi. Kwa moshi si la kutegemewa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Mwenye pumu, mwenye mafua ya mzio yasiyokwisha, au anayelala katika chumba kinachoelekea majiko ya majirani, na atafute lile zito. Asiye na matatizo hayo, na chumba chake hakipati moshi, la kawaida lamtosha, mradi libadilishwe kwa wakati. Chujio ghali lililosahaulika mwaka mzima ni duni kuliko la kawaida lililowekwa jipya. ResMed huagiza libadilishwe angalau kila miezi sita, na mapema zaidi likichafuka. Hapo Ayany, tusitazame kalenda peke yake. Kila mwezi litolewe, lishikwe penye mwanga wa dirisha. Likiwa limegeuka kijivu au kahawia, au lina tundu, muda wake umekwisha.

Hapa twapenda kusema na wale wanaopenda usafi kupita wengine. Chujio hili halioshwi. Maji na sabuni huharibu nyuzi zake, nalo hurudi likionekana safi na kazi limeiacha. Mashine nyingine, kama DreamStation za Philips, huwa na machujio mawili: moja ambalo huoshwa na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa, na jembamba la kutupwa, ambalo haliguswi na maji. Tena tusikate vipande vya barakoa za hospitali, pamba au kitambaa tukavitumia badala ya chujio. Nyuzi zake zaweza kuchomoka na kuvutwa ndani, au kitambaa kikawa kizito hewa isipite inavyotakiwa.

Jambo zito kuliko yote ni kwamba chujio hunasa chembe, halinasi gesi. Baridi ya Julai inapoingia Nairobi, wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani kupasha joto. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini hata wasio na mashine. Gesi hiyo hupita kwenye chujio la wenye mzio kama inavyopita kwenye la kawaida, na mashine huisukuma mapafuni. Jenereta inayonguruma chini ya dirisha wakati umeme umepotea ina hatari hiyo hiyo. Jiko na lilale nje, hata likionekana limezimika. Mgonjwa aongezewe blanketi.

Udi nao tuutaje, kwa kuwa hatutaki kumnyima mtu harufu ya nyumbani kwake. Chetezo kipitishwe sebuleni, au chumbani mapema jioni kisha dirisha lifunguliwe mpaka moshi utoke wote, ndipo mashine iwashwe. Dawa ya mbu ya kuchoma isitumike kabisa katika chumba hicho, chandarua kinatosha. Mashine yenyewe iwekwe juu ya meza ndogo, mbali na pazia, si sakafuni ambako vumbi la zulia huinuka kila mtu apitapo, wala isifunikwe kanga inapofanya kazi.

Wengi wetu hupata mashine kutoka kwa jamaa walioko Ghuba au Marekani, nazo mara nyingi zimeshatumika. Mwezi Juni 2021 Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine, zikiwamo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kupunguza sauti iliyo ndani yake ingeweza kumomonyoka na chembe zake kuingia katika njia ya hewa. Chujio haliwezi kuokoa hapo, maana husimama mlangoni, na uchafu huo umo ndani. Anayepokea mashine ya aina hiyo asome namba yake ya usajili iliyo chini, aulize kama ilikwisha kurekebishwa, na aonane na daktari kabla ya kuiwasha. Na ambaye amekwisha kuizoea asiiache ghafla pasipo kumwuliza daktari wake.

Na anayeagiza machujio kwa jamaa wa ng'ambo amwandikie jina kamili la mashine pamoja na namba ya toleo lake, au ampelekee picha ya kibandiko cha chini. Chujio la AirSense 10 haliingii katika AirSense 11. Yakija kwenye pakiti, yakae kabatini katika mfuko wake uliofungwa, mbali na unyevu, na juu ya mfuko paandikwe tarehe ya siku lilipowekwa la mwisho.