Je, Wajua? Fangasi Anayekata Mbao Kama Kashata

Je, wajua kwamba mbao iliyooza huonyesha ni nani aliyeiozesha? Tazama fremu ya mlango wa bafu, pale chini inapogusa sakafu. Rangi ya mafuta bado inang'aa, lakini ukibonyeza kwa kidole gumba, kidole kinazama. Bandua rangi uone: mbao imekuwa ya kahawia iliyokolea, imepasuka kwa urefu na kwa upana, imebaki vipande vya mraba kama kashata iliyokatwa kwenye sinia. Sugua kipande kimoja viganjani, kitakuwa unga laini kama ugoro. Mchwa hajapita hapo. Mchwa huacha udongo na vijia vyake. Hiyo ni kazi ya fangasi wa uozo wa kahawia.

Je, wajua anachokula na anachobakiza? Chukua mfano wa nyumba ya miti na udongo, aina ambayo bado ipo kwa wingi Mtwara vijijini. Fito ndizo zinazoibeba, udongo unazishika fito zisiyumbe. Katika mbao, fito ni selulosi na mwenziwe hemiselulosi. Udongo ni lignini. Fangasi huyu hula fito zote na kuuacha udongo umesimama. Ndiyo maana mbao huonekana nzima ilhali haina nguvu tena. Ikipoteza hata asilimia 10 tu ya uzito wake, inaweza kuwa imeshapoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kuhimili mzigo.

Njia anayotumia ndiyo inayonishangaza kuliko yote. Vimeng'enya vyake ni vikubwa mno, haviwezi kupenya kuta za seli za mbao. Basi hutanguliza silaha ndogo. Hutoa asidi ya oksaliki, ileile iliyomo kwenye mchicha, ikachukua chembe za chuma zilizomo kidogokidogo ndani ya mbao. Hutengeneza pia hidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu ikimiminwa kwenye kidonda. Chuma na peroksaidi vikikutana huzaliwa chembe kali isiyodumu hata kufumba na kufumbua, nayo hukata chochote inachokigusa. Nyuzi za selulosi zikishakatwakatwa, vimeng'enya hupata pa kuingilia na karamu huanza. Mkemia Mwingereza Henry Fenton aliueleza mmenyuko huo mwaka 1894, na siku hizi hutumika kusafisha majitaka ya viwandani. Fangasi walikuwa nao mamilioni ya miaka kabla yake.

Je, wajua kwamba fangasi hawa ni wachache? Katika fangasi wanaoozesha mbao wanaojulikana na sayansi, wa kahawia hawafiki asilimia 10. Wengi ni wa uozo mweupe, wanaokula hata lignini na kuiacha mbao nyeupe, yenye nyuzinyuzi kama usumba wa kumbi la nazi. Hao ndio wanaotawala kwenye miti ya majani mapana: miembe, mikorosho, na miti ya miombo. Wa kahawia hupenda zaidi misonobari. Sasa, kenchi na papi za nyumba nyingi za leo ni mbao za paini, nyingi zikitoka kwenye misitu ya kupandwa ya Mufindi, lilipo shamba la serikali la Sao Hill. Chakula anachokipenda kimeletwa Mtwara kwa lori.

Je, wajua kwamba mkoko mmoja uliokufa huwa na ghorofa tatu, na walaji hutofautiana kwa ghorofa? Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, mikoko imeshika mlango wa mto hadi mpakani na Msumbiji. Simama maji yakipwa mbele ya kisiki kirefu. Juu, maji yasikofika hata wakati wa bamvua, fangasi wa nchi kavu wanakila wakitumia maji ya mvua. Katikati, kwenye maji kujaa na kupwa, kuna fangasi waliozoea chumvi, na pamoja nao mtoboaji wa mbao, mnyama mrefu kama mnyoo, ambaye kwa kweli ni ndugu wa chaza. Bakteria waliomo kwenye mashavu yake ya kupumulia ndio wanaomsaidia kuyeyusha mbao. Chini, ndani ya tope jeusi, hakuna hewa, na fangasi bila hewa hafanyi kazi. Mizizi iliyozikwa humo hukaa muda mrefu sana, na kaboni iliyomo hubaki topeni kwa mamia ya miaka. Anayekata mkoko na kulichimbua tope lake huifungulia kaboni hiyo.

Mabaharia wetu waliyajua haya kwa mikono. Chini ya chombo walipaka deheni, yaani shahamu na chokaa, kumzuia mtoboaji. Juu, adui ni mvua. Maji ya chumvi humdhoofisha fangasi, maji matamu humlisha. Kwa hiyo mashua iliyoachwa mchangani msimu mzima bila kufunikwa huweza kuoza mataruma zaidi kuliko iliyo safarini.

Je, wajua kwamba boriti za mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman, Bahrain na Kuwait, na vyumba vya huko vikajengwa vyembamba, kama mita 3 hivi, kwa kufuata urefu wake? Katika nchi hizo kavu zimedumu. Ndugu zake kwenye nyumba za mawe za pwani yetu, Mikindani ikiwemo, huanza kuoza kwenye ncha zilizozikwa ukutani, pale paa linapovuja na jiwe la matumbawe likakaa na unyevu.

Si kila mbao huoza kirahisi. Kiini cheusi cha mpingo, ule wa wachongaji wa Kimakonde, huzama majini na humshinda fangasi kwa sababu ya kemikali zilizomo. Mbao yake nyeupe ya nje haina kinga hiyo. Na yale mafuta ya ganda la korosho yanayobabua vidole vya wabanguaji, huko India hupakwa kwenye mashua na nyavu kuzihifadhi.

Mvua za Mtwara huanza Novemba au Desemba. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 fangasi hawezi kuianza. Kwa hiyo kabla ya mvua, panda darini na bisibisi, uichomeke kwenye kila papi iliyo chini ya bati lenye tundu. Ikiingia bila kusukumwa, ziba bati kwanza, kisha ndipo ubadilishe mbao.