Kubadilisha Kompyuta ya Bodi ya Gari la Kazi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Gari la kazi linapolala gereji, hasara yake huhesabika kila siku: mzigo haufiki, mteja hutafuta msambazaji mwingine, na dereva hukaa bila ujira. Kwa sababu hiyo mwenye gari hutaka jibu la haraka, na siku hizi jibu linalotolewa upesi ni kwamba "kontroli boksi imekufa". Jibu hilo huweza kuwa sahihi. Huweza pia kuwa la kubahatisha, na mlaji akaligundua hilo akiwa amekwisha kununua kifaa cha bei kubwa ambacho hakikuondoa tatizo. Makala hii inaeleza kazi ya kompyuta ya bodi, namna ya kuhakiki kwamba ndiyo iliyoharibika, na mambo ambayo mlaji anapaswa kukubaliana na muuzaji pamoja na fundi kabla ya kutoa fedha.

Kompyuta ya bodi ni nini?

Katika magari ya zamani, kila taa na kila mota ilikuwa na nyaya zake kutoka kwenye swichi. Katika vani nyingi za kisasa, swichi hupeleka ujumbe tu. Kompyuta ya bodi, inayojulikana kwa kifupi kama BCM, ndiyo inayoamua kuwasha au kuzima. Hudhibiti taa, indiketa, waipa, honi, vioo vya umeme na ufungaji wa milango kwa rimoti. Katika baadhi ya magari hushiriki pia katika ulinzi dhidi ya wizi: isipoutambua ufunguo, injini haiwaki. Watengenezaji hawaiiti kwa jina moja. Peugeot na Citroën huiita BSI, na Renault huiita UCH. Kompyuta ya injini ni kifaa kingine kabisa. Mlaji ahakikishe fundi anataja ni ipi kati ya hizo mbili anayoizungumzia.

Dalili moja, vyanzo vingi

Kompyuta ya bodi ikiharibika, waipa huweza kufanya kazi zenyewe, indiketa zikagoma, milango ikajifunga bila amri, au betri ikaisha usiku gari likiwa limezimwa. Hata hivyo, dalili hizo hizo huletwa na mambo ya gharama ndogo: betri iliyochoka, fyuzi iliyoungua, waya wa athi uliolegea au kushika kutu, na maji yaliyopenya kupitia kioo cha mbele. Kengele ya wizi au kifaa cha kufuatilia gari kilichounganishwa ovyo huweza pia kuvuruga mfumo mzima.

Chukulia vani ya kusambaza mikate ambayo mlango wake hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kila siku. Nyaya zinazopita kwenye mpira kati ya mlango na bodi hujikunja kila mara, hadi siku moja waya mmoja hukatika ndani ya ganda lake. Kompyuta huona mlango uko wazi ilhali umefungwa. Hivyo taa ya ndani haizimi na betri huisha. Mwenye gari hilo akibadilisha kompyuta, atalipa gharama kubwa na kesho yake ataamka na betri iliyoisha, kwa kuwa waya uliokatika bado uko pale pale.

Vipimo vya kuomba kabla ya kununua

Mlaji ana haki ya kuuliza hitimisho la fundi limetokana na nini. Vipimo vifuatavyo havihitaji kubadilisha kifaa chochote:

1. Betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha takriban volti 12.6. Ikionyesha volti 12.2 ina takriban nusu ya chaji, na kompyuta nyingi huanza kutoa hitilafu zisizo za kweli umeme unaposhuka.

2. Umeme unaoliwa gari likiwa limelala. Katika magari mengi kiwango cha kawaida hakizidi takriban miliampia 50. Fundi asubiri kwanza kompyuta zote zilale, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Akipima mapema mno, gari zima litaonekana lina kasoro.

3. Umeme unaoingia kwenye kompyuta yenyewe. Kama kifaa hakipati umeme kamili, au waya wake wa athi ni mbovu, kifaa kipya nacho hakitafanya kazi.

4. Kodi za hitilafu. Zisomwe kwa mashine na ziandikwe kabla ya kufutwa. Kodi U0140, kwa mfano, maana yake ni kwamba mawasiliano na kompyuta ya bodi yamepotea. Haisemi kwamba kompyuta imekufa. Waya uliokatika au fyuzi iliyoungua huweza kuleta kodi hiyo hiyo.

Fundi aliyefanya vipimo hivi ataweza kutaja matokeo yake. Fundi ambaye hoja yake ni kwamba magari ya aina hiyo "ndivyo yalivyo" bado hajapima.

Kipya, kilichotumika au kukarabati?

Ikithibitika kwamba kompyuta ndiyo mbovu, mlaji ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua kipya, ambacho ni ghali zaidi na huweza kuhitaji kuagizwa nje. Ya pili ni kununua kilichotolewa kwenye gari jingine. Ya tatu ni kukarabati kilichopo, hasa pale ambapo kasoro ni relei iliyochoka au muungo wa risasi ulioachia. Njia hii ya tatu ina faida kwamba taarifa za gari huweza kubaki ndani ya kifaa. Lakini kifaa kilicholowa maji na kuliwa na kutu huenda kikarudia kasoro hata kikikarabatiwa.

Anayenunua kilichotumika alinganishe namba ya kipuri, herufi kwa herufi, na ile iliyo kwenye kifaa cha zamani. Vifaa viwili huweza kufanana kwa umbo na soketi, kumbe kimoja ni cha gari lenye vioo vya umeme na kingine sivyo. Muuzaji wa kipuri kipya apewe pia namba ya utambulisho wa gari. Kwa magari mengi namba hiyo ina tarakimu na herufi 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ni mengi katika barabara zetu, hutumia namba ya chesisi iliyo fupi zaidi.

Kufunga si mwisho wa kazi

Katika magari mengi, kompyuta mpya huwa haijui imo katika gari lipi. Ni lazima ipangiwe kwa mashine aina ya gari, vifaa vilivyomo na funguo zinazoruhusiwa. Kabla ya kukubali kazi ianze, mlaji ahakikishe yafuatayo:

- Fundi ana mashine inayoweza kupanga kompyuta ya gari la aina hiyo. Mashine ya kusoma kodi pekee haitoshi.

- Taarifa zilizo katika kompyuta ya zamani zinasomwa na kuhifadhiwa kabla haijaondolewa, iwapo bado inasomeka.

- Funguo zote za gari zimepelekwa. Ufunguo uliobaki nyumbani huweza kukataliwa na gari baada ya kazi hiyo.

- Betri inasaidiwa na chaja wakati wa kupanga. Umeme ukishuka katikati ya zoezi, kifaa kipya huweza kuharibika papo hapo.

- Kilomita zilizo kwenye dashibodi zimepigwa picha. Katika baadhi ya magari kilomita huhifadhiwa pia ndani ya kompyuta ya bodi, na tofauti isiyo na maelezo humletea mwenye gari mashaka siku ya kuliuza.

Haki za mlaji na makubaliano ya maandishi

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mnunuzi. Kuuza kifaa kilichotumika kwa madai kwamba ni kipya, au cha kuiga kwa madai kwamba ni halisi, ni upotoshaji, na gari kuwa la biashara hakuufanyi upotoshaji huo kuwa halali. Aidha, bango la "mali ikiuzwa hairudishwi" lisimfanye mlaji aamini kwamba amepoteza haki zote. Kifaa ambacho hakilingani na maelezo ya muuzaji ni suala tofauti na la mnunuzi aliyebadilisha mawazo.

Haki hutetewa kwa ushahidi. Kabla ya kulipa, mlaji aombe maandishi mafupi yanayotaja: namba ya kipuri, kama ni kipya au kilichotumika, muda wa dhamana na inachogharamia, gharama ya kifaa na ya ufundi, kila moja peke yake, na nani atabeba gharama iwapo kifaa hakitakubali kupangwa. Adai risiti ya kielektroniki, na arudishiwe kifaa cha zamani. Kifaa hicho ni mali yake, kina taarifa za gari na funguo zake, na ndicho kitakachochunguzwa ukitokea mgogoro.

Wakati wa kupokea gari

Mlaji asipokee gari kwa kusikia injini ikiunguruma tu. Ajaribu taa zote, pamoja na za breki, indiketa, waipa, honi, vioo, kila mlango na kila ufunguo. Taa za breki zisizowaka ni hatari barabarani na ni kosa. Kisha gari lisimame usiku mmoja ili kuona kama betri itabaki na nguvu.

Kasoro ikirudi, amjulishe muuzaji au fundi mara moja kwa maandishi, na asiruhusu fundi mwingine kukifungua kifaa kabla hajapata jibu. Wasipoafikiana, awasilishe malalamiko Tume ya Ushindani akiwa na risiti, maandishi ya makubaliano, kodi zilizoandikwa na picha. Malalamiko yenye kumbukumbu hizo huwa rahisi kuchunguzwa kuliko maelezo ya mdomo peke yake.